Kolwezi: Mwanafunzi anayetaka kukonda aanze na bukari, si na dawa ya kandokando ya barabara

Katika mji wa Kolwezi, mtu akikuambia "umekonda", hakusifu. Anauliza kama uko mgonjwa, kama umekosa pesa, ao kama nyumbani kuna matatizo. Mama anayempokea mtoto wake akitoka chuo kikuu anamtazama kwanza mashavu. Yakiwa yamejaa, masomo yanaenda vizuri. Yakiwa yameingia ndani, kesho yake kuku anachinjwa. Ndiyo sababu wanafunzi wengi wanaotaka kupunguza uzito hapa Lualaba wanafanya hivyo kwa siri, na jambo linalofanywa kwa siri mara nyingi linafanywa vibaya. Huyu anashinda njaa siku nzima, kisha usiku anakula chakula cha watu wawili. Yule ananunua chai ya "kuyeyusha tumbo" ambayo hakuna anayejua ndani yake muna nini. Mwingine anameza vidonge ambavyo rafiki alimwonyesha kwa rangi tu, bila jina.

Na wapo wanaohitaji kweli kupungua. Kwa mtu wa mbali ni jambo la kushangaza: mwanafunzi asiye na pesa, anayedaiwa minervali na kodi ya chumba, atanenepa na nini? Jibu liko wazi kwa kila mtu aliyewahi kupanga chumba karibu na chuo. Chakula cha bei ndogo kinachoshibisha haraka ni unga, mafuta na sukari. Samaki, mayai na matunda ndivyo vinavyokatwa kwanza pesa zikipungua. Kwa hiyo umaskini haumkondeshi kila mtu. Kuna wanaonenepa tumbo hali damu yao inakosa chuma.

Tazama siku ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi, UNIKOL, ao wa taasisi nyingine za mji huu. Asubuhi ni chai yenye vijiko vitatu vya sukari na vitumbula viwili ao vitatu vilivyotoka katika mafuta. Kati ya somo na somo, ni biskuti na chupa ya sukre, kwa sababu jua ni kali na sukre ya baridi inatuliza njaa kwa nusu saa. Mchana hakuna chakula. Jioni, saa mbili ao saa tatu, ndipo mbabula inawashwa na bukari inasongwa, mlima mzima, pamoja na mboga kidogo inayoogelea katika mafuta. Baada ya hapo ni kulala, ao kukaa juu ya silabusi mpaka usiku wa manane.

Hesabu yake si ngumu. Gramu 100 za unga wa mahindi, kabla ya kupikwa, zina kalori karibu 360. Mwanafunzi anayesonga bukari ya gramu 300 za unga na kuimaliza peke yake amekula kalori zaidi ya 1,000 kabla ya kugusa mboga. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, yawe ya mawese ao yale ya chupa, ni kalori karibu 120. Na ni nani anayepima mafuta kwa kijiko? Yanamiminwa kutoka kwenye chupa mpaka mboga ing'ae. Sukre ya sentilita 33 inabeba karibu gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vidogo saba. Shirika la Afya Duniani, OMS, tangu mwaka 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja ya kumi ya kalori za siku, na ikiwezekana nusu ya hapo, yaani karibu gramu 25 kwa mtu mzima. Sukre moja tu imekwisha kupita.

Msichana anayekaa siku nzima darasani anahitaji kwa jumla kalori karibu 2,000 kwa siku, kijana mwanaume karibu 2,500. Inategemea urefu na kazi anayofanya. Lakini hiyo inatosha kuonyesha kwamba adui si wingi wa pesa.

Sahani ya mchimbaji juu ya meza ya mwanafunzi

Ukubwa wa bukari yetu una historia, na historia hiyo ni ya mgodi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwagawia wafanyakazi wake posho ya unga na vyakula vingine kambini. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967 na kuwa Gécamines baadaye, mfuko wa unga wa mfanyakazi uliendelea kwa miaka mingi, na familia za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zilihesabu mwezi kwa mfuko huo. Mtu aliyeshinda na sururu ao juu ya mashine alihitaji mlima wa bukari, na aliuchoma wote kabla ya jua kuzama. Mjukuu wake anasoma sheria ao informatiki. Sururu yake ni kalamu ya biki. Lakini kipimo cha sahani hakikubadilika, na asiyekimaliza anaambiwa hana nguvu.

Hapa ndipo pa kuanzia, na hapahitaji franka hata moja. Simwambii mtu aache bukari. Mtu wa Katanga aliyeacha bukari kwa wiki mbili atairudia wiki ya tatu kwa hasira. Ipunguzwe tu: kama ulizoea kusonga vikombe vitatu vya unga, songa viwili, na nafasi iliyobaki kwenye sahani ijazwe na mboga na maharagi. Unga ukipanda bei, hesabu hiyo inasaidia mara mbili. Mwaka 2024, Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, kila mtu katika majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba alikumbuka ni kiasi gani cha unga wetu kinapitia mpaka wa Kasumbalesa.

Kitu cha pili cha kukata ni sukre. Maji yaliyochemshwa na kupozwa, katika chupa uliyojaza nyumbani, hayana kalori hata moja. Munkoyo iliyotengenezwa bila sukari nyingi ni bora kuliko sukre, lakini si maji: ni nafaka pia, na wauzaji wengi siku hizi wanaitia sukari mpaka inakuwa asali. Chai ipungue kutoka vijiko vitatu mpaka kimoja, pole pole, kijiko kimoja kila wiki. Ulimi unazoea.

Kitu cha tatu ni saa ya kula. Kushinda njaa ndiyo njia ambayo wengi wanaiona ya kwanza, na ndiyo inayowaangusha. Tumbo lililosubiri tangu asubuhi halijui kipimo jioni. Mwanafunzi aliyekula maharagi ya jana saa nne ya asubuhi, ao yai moja la kuchemsha na kiazi kitamu, anafika jioni akiwa mtu wa kawaida, si simba. Viazi vitamu vilivyochemshwa vinabebeka katika mfuko, havimwagiki, na havihitaji kantini.

Kwa yule asiyejua kupika

Vijana wengi wanaokuja kusoma Kolwezi wanatoka Dilolo, Sandoa, Kapanga, Lubudi ao Mutshatsha, na nyumbani kwao dada ndiye aliyepika. Wanafika hapa wakijua kusonga bukari tu, wengine hata hilo hawalijui. Wanaishi kwa mikate na kwa chakula cha mama wa barabarani, ambacho mara nyingi ni kitamu kwa sababu ya mafuta na kipande cha kibu cha chumvi. Kwa kijana kama huyo, kujifunza vyungu viwili kunatosha kumaliza mwaka wa masomo.

Chungu cha kwanza ni maharagi. Yachambue mawe, yaloweke usiku kucha katika maji mengi, asubuhi mwaga maji hayo. Kulowesha kunapunguza saa za kupika, na hapa makala si kitu cha kuchezea. Chemsha katika maji mapya mpaka yalainike, ndipo utie chumvi, kitunguu na nyanya, na kijiko kimoja cha mafuta. Kimoja, kwa kijiko, si kwa macho. Gramu 100 za maharagi yaliyopikwa zina kalori karibu 130 tu pamoja na karibu gramu 9 za protini, na zinashibisha kwa muda mrefu kuliko kitumbula chochote. Bila friji, na umeme unaokatika unavyotaka, usipike ya wiki nzima. Pika ya leo na kesho, uyachemshe tena asubuhi na jioni, yakianza kunuka uchachu yamwage bila huruma.

Chungu cha pili ni lengalenga na ndakala. Ndakala wakavu wanaoshwa kwa maji ya moto ili mchanga na chumvi vitoke, kisha wanakaushwa juu ya moto bila mafuta. Tia kitunguu, nyanya, kijiko kimoja cha mafuta, halafu lengalenga zilizokatwa. Dakika 10 mpaka 15, chakula kiko tayari. Zaidi ya nusu ya uzito wa ndakala mkavu ni protini, kwa hiyo konzi moja ndogo inatosha watu wawili. Sombe ni tamu zaidi, najua, lakini haifai kwa anayeanza: inataka kutwangwa na kupikwa kwa muda mrefu ili sumu ya majani ya mhogo iishe, inameza makala, na kwa desturi yetu inameza pia mawese na karanga mpaka inakuwa nzito kuliko nyama. Ibaki ya siku ya Mungu, nyumbani kwa shangazi.

Wale wanaofanikiwa zaidi ni wanaochangia chungu. Watu watatu wa chumba kimoja, mbabula moja, kila mmoja na zamu yake. Makala yanapungua, na aibu ya kula kidogo inapungua pia, kwa sababu sahani zinapakuliwa pamoja. Kuna hatari moja: akiwamo mmoja anayependa mafuta, chupa yafaa ikae kwa mwenzake.

Mboga, vumbi na Kasulo

Yeyote anayemshauri mkaaji wa Kolwezi ale mboga zaidi lazima azungumze pia juu ya vumbi. Mtaa wa Kasulo uligeuka machimbo mwaka 2014, baada ya kobalti kupatikana chini ya nyumba za watu. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji walichapisha katika jarida la Nature Sustainability matokeo ya uchunguzi waliofanya huko: kobalti katika mkojo na damu ya wakaaji wa Kasulo, hasa watoto, ilikuwa juu sana kuliko ya watu wa mtaa wa karibu usio na machimbo. Vumbi la nyumbani nalo lilikuwa limejaa madini.

Hiyo si sababu ya kuacha lengalenga na kurudia vitumbula. Ni sababu ya kuuliza zimetoka wapi. Mboga iliyotandazwa chini kandokando ya barabara ya malori imepokea vumbi tangu alfajiri. Bustani inayonyweshwa kwa maji ya mto unaopokea maji machafu ya kiwanda haifai hata kama majani yake ni ya kijani kibichi. Ukinunua, osha katika maji mawili ao matatu, jani kwa jani, kabla ya kukata, si baada. Karoti na viazi vimenywe ganda. Kuosha kunaondoa vumbi la juu. Madini ambayo mmea umeyanyonya kutoka udongoni hayaondoki kwa maji, ndiyo maana mahali pa shamba panahesabika kuliko bei. OMS inashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi na mihogo havihesabiwi humo. Msimu wa maembe unasaidia sana, mradi embe liliwe badala ya biskuti, si juu yake.

Kutembea nako kuna vumbi lake. Kutoka mitaa ya Manika ao Dilala kwenda darasani, wanafunzi wengi wanapanda pikipiki hata kwa kilometa mbili. Kilometa mbili kwenda na mbili kurudi, kwa mwendo wa haraka, ni karibu dakika 45, na OMS inaomba dakika 150 mpaka 300 kwa wiki nzima. Siku nne za masomo zimekwisha kutimiza, na pesa ya pikipiki imebaki mfukoni kununua mayai. Lakini pita njia za ndani za mtaa, asubuhi mapema, mbali na barabara kuu ya Likasi ambako malori ya shaba yanapishana. Wasichana wanaotoka darasani usiku wana hesabu nyingine, ya usalama, na hapo pikipiki si anasa.

Vidonge vya pande mbili

Jambo linalonitia hofu kuliko bukari zote ni dawa. Katika miji yetu, meza ileile inauza vidonge vya kunenepesha na vya kukondesha. Vya kunenepesha mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta hamu ya kula na usingizi, ao deksametasoni, ambayo inavimbisha uso, inapandisha sukari na shinikizo la damu, na kuiacha ghafla baada ya kuitumia kwa muda kunaweza kumwangusha mtu. Msichana anaweza kuvimeza mwaka wa kwanza ili apate umbo linalosifiwa, kisha mwaka wa tatu anatafuta vya kurudisha alichoongeza.

Na vya kurudisha ni vibaya vilevile. Sibutramini, dawa iliyouzwa zamani ya kupunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo, wakaguzi wa Marekani wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa "za asili", kahawa na vidonge vya kukondesha visivyoitaja kwenye karatasi yao. Chai nyingine ni dawa ya kuharisha tu. Mtu anapanda mizani asubuhi, anaona kilo mbili zimeondoka, anafurahi. Zilizoondoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yako palepale, na kwa mwenye moyo dhaifu kupoteza potasiamu namna hiyo si mchezo. Bei ya pakiti moja ingetosha kununua maharagi ya siku nyingi.

Tena si kila mtu anayejiona mnene ni mnene. Kipimo kinachotumika hospitalini ni rahisi: uzito wa kilo unagawanywa kwa urefu wa metre uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu wa metre 1 na sentimetre 60, uzito wa kawaida unaanza karibu kilo 48 na unaishia kilo 64. Kutoka 64 ni uzito uliozidi, kutoka 77 ni unene unaohitaji daktari. Msichana wa urefu huo mwenye kilo 55 anayejinyima chakula kwa sababu ya picha za simu hana kitu cha kupunguza. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo na mwenye kisukari wasianze lolote bila kuonana na muganga wa kituo cha afya.

Na yule anayekonda bila kujaribu, hasa akikohoa wiki mbili na kutoka jasho usiku, asifurahi mbele ya kioo. Aende akapimwe kifua kikuu, ugonjwa unaojulikana vizuri katika miji ya migodi. Dawa zake zinatolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa upande huo, mama anayetazama mashavu hana makosa.

Kwa anayepungua kwa njia nzuri, mwendo ni nusu kilo kwa wiki, mara chache kilo moja, na wiki nyingine hakuna kitu, hasa wakati wa mitihani ambapo usingizi ni mdogo na sukari inaita. Mizani si lazima. Chukua kamba isiyovutika, ipitishe juu ya kitovu asubuhi kabla ya kula, pumzi ikiwa imetoka, na ufunge fundo inapokutana. Kwa mwanamke, OMS inahesabu hatari kuanzia sentimetre 80, kwa mwanaume 94. Pima tena baada ya wiki mbili kwa kamba ileile, funga fundo jipya kama limehama, na kamba uitundike nyuma ya mlango, mahali ambapo wenzako wa chumba watadhani ni ya kuanikia nguo.